Jibu kwa muuguzi wa Ifakara: kwa nini Korea Kusini inakosa watoto

SWALI: Mimi ni muuguzi katika kliniki ya mama na mtoto hapa Ifakara. Siku za kliniki akina mama hujaa barazani tangu saa moja asubuhi, na si wachache walio na watoto watano au sita. Juzi nilisikia redioni kwamba Korea Kusini shule zinafungwa kwa kukosa watoto wa kuandikishwa. Wenzangu wa kazini wanasema watu wa nchi zilizoendelea wamekuwa wabinafsi. Mmoja analaumu vidonge, mwingine vyakula vya viwandani. Inakuwaje watu wenye fedha, hospitali nzuri na likizo ya uzazi yenye malipo ndio wasiozaa? Na je, sisi nasi tutafika huko?

JIBU: Dada yangu muuguzi, nitaanza na hoja za wenzako, kwa sababu zisipoondolewa njiani hatutaona kilicho nyuma yake. Lakini kwanza tukubaliane juu ya kipimo. Tunaposema kiwango cha uzazi tunamaanisha wastani wa watoto ambao mwanamke mmoja angezaa maishani iwapo angepita umri wote wa kuzaa katika hali ya uzazi ilivyo mwaka huo. Ili kizazi kijacho kilingane na kilichopo, bila kuhesabu wahamiaji, unahitajika wastani wa 2.1 hivi: wawili wa kuziba nafasi ya wazazi wao, na hicho kidogo kinachozidi ni kwa sababu wavulana huzaliwa wengi kidogo kuliko wasichana, na si kila msichana hufikia umri wa kuzaa. Korea Kusini ilikuwa na wastani wa 6 mwaka 1960. Mwaka 2023 ilikuwa na 0.72, na jiji la Seoul peke yake 0.55. Mwaka 1970 walizaliwa huko watoto zaidi ya milioni moja; mwaka 2023 walizaliwa 230,000 hivi, ingawa idadi ya watu wote ilikuwa imepanda kutoka milioni 32 hadi karibu milioni 52.

Sasa vidonge. Japani ilikuwa na kiwango cha 4.5 mwaka 1947, na miaka kumi baadaye kilikuwa kimeshuka hadi karibu 2. Hata hivyo vidonge vya uzazi wa mpango havikuidhinishwa nchini humo hadi mwaka 1999. Wajapani wa miaka ya 1950 walitumia kondomu, na wengi walitoa mimba baada ya sheria ya mwaka 1948 kuruhusu. Ufaransa nayo ilianza kupunguza uzazi mwishoni mwa karne ya 18, kabla ya reli na kabla ya karibu chanjo zote unazozichoma wewe kila wiki, kwa njia ambazo mume na mke walimalizana wenyewe chumbani. Kitanzi, njiti na vidonge vya majira, kama unavyojua kuliko mimi, humrahisishia kazi mama aliyekwisha kuamua, na uamuzi wenyewe hutoka kwingine.

Kuhusu chakula, mfano ninaoupenda ni wa Japani ya mwaka 1966. Katika kalenda yao ya kale mwaka huo uliangukia ishara ya Farasi wa Moto, ambayo hurudi kila baada ya miaka 60, na imani iliyokuwapo ni kwamba msichana aliyezaliwa chini yake huwa na nuksi kwa mumewe. Idadi ya watoto waliozaliwa ilishuka kwa karibu robo mwaka huo, kisha mwaka uliofuata ikapanda tena. Miili ya watu haikuharibika mwaka 1966 na kupona mwaka 1967, watu waliamua. Sisemi kwamba baiolojia haina sehemu, kwa maana anayeahirisha kuzaa hadi miaka 38 hugundua kwamba mwili haukumsubiri, lakini hapo tatizo lilianza na kuahirisha.

Hoja ya ubinafsi ni ngumu zaidi kuing'oa kwa sababu inampendeza anayeisema. Wapo wanaotoa ushahidi wa vijana wa Seoul wanaosukuma mbwa katika vigari, na ni kweli kwamba mwaka 2023 duka moja kubwa la mtandaoni la huko liliripoti kuuza vigari vingi vya mbwa kuliko vya watoto. Hata hivyo, ukiwauliza watu wa Ulaya wangependa kuwa na watoto wangapi, jibu lao kwa miongo mingi limezunguka kwenye wawili, huku wanaozaliwa wakizidi kupungua. Mtu anayetaka wawili akaishia na mmoja, au akakosa kabisa, anastahili kuulizwa kilichomzuia kabla ya kupewa jina hilo.

Basi ni kitu gani? Mwaka 1976 mwanademografia wa Australia, John Caldwell, aliyekuwa amefanya utafiti kwa miaka mingi miongoni mwa Wayoruba wa Nigeria, alichapisha hoja ambayo kwangu mimi bado ndiyo mahali pazuri pa kuanzia. Alisema tuangalie mali inatiririka kuelekea wapi ndani ya familia: kutoka kwa mtoto kwenda kwa mzazi, au kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto. Huko kwenu bonde la Kilombero huhitaji maelezo marefu. Mpunga ukianza kukomaa, mtoto wa miaka minane huamka alfajiri kwenda kuamia ndege shambani, akiwa na kopo la kugonga na teo mkononi, na asipokwenda yeye atakwenda mtu mzima aliyekuwa na kazi nyingine, au atalipwa kibarua. Mtoto huyo anakula, ndiyo, lakini pia anachota maji, anabeba mdogo wake mgongoni, na mwisho wa yote ndiye atakayemtunza mzazi uzeeni kwa kuwa mkulima hana pensheni. Kwa familia ya namna hiyo mtoto wa tano si mzigo ambao wazazi wameshindwa kuupigia hesabu. Hesabu wameipiga, nayo inawaambia wazae, hasa pale wanapokumbuka kwamba si wote watakaopona. Wanazuoni wengine wamemsahihisha Caldwell hapa na pale, na ni haki yao, lakini swali lake halijapoteza nguvu.

Korea ya mwaka 1960 ilikuwa nchi ya wakulima wa mpunga, maskini na iliyotoka vitani miaka saba tu iliyopita. Mwaka 1962 serikali ya Park Chung-hee ilianzisha kampeni ya uzazi wa mpango iliyopeleka vitanzi hadi vijijini, na katika miaka ya 1970 mabango yalihimiza watu wazae wawili tu na kuwalea vizuri, bila kujali ni wa kike au wa kiume. Familia zilizofunga kizazi zilipewa kipaumbele katika mgao wa nyumba. Kiwango kilifika 2.1 mwaka 1983, na jambo ambalo halisemwi vya kutosha ni kwamba serikali haikuachana na sera ya kupunguza watu hadi mwaka 1996, yaani miaka 13 baada ya lengo kutimia. Wakati huohuo nchi ilihama kutoka shambani kwenda kiwandani na ofisini. Mtoto hakuwa tena na ndege wa kuamia. Alikuwa na kazi moja, nayo ni kusoma, na kusoma kunagharimu.

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu neno "gharama" likiachwa hivihivi hufikiriwa kuwa ni maziwa na nepi. Fika mtaa wa Daechi, eneo la Gangnam jijini Seoul, saa nne kasoro usiku siku ya shule. Utakuta magari ya wazazi yameziba barabara na vibasi vimejipanga kando yake, na saa nne ikigonga wanafunzi wanamiminika kutoka kwenye maghorofa wakiwa na mabegi mgongoni. Wametoka kwenye hagwon, yaani vituo vya twisheni vya kulipia, na wanatoka saa nne kwa sababu jiji limepiga marufuku kufundisha baada ya hapo. Karibu wanafunzi wanane kati ya kumi, kuanzia shule ya msingi hadi sekondari, hupata masomo ya ziada ya kulipia, na mwaka 2023 wazazi walitumia kwa ajili hiyo won trilioni 27, ambazo ni kama dola bilioni 20 za Marekani. Yote hayo yanaelekea kwenye mtihani mmoja wa mwezi Novemba wa kuingia chuo kikuu, ambao siku yake ofisi huchelewa kufunguliwa ili barabara ziwe nyeupe, na ndege haziruki wala kutua wakati watahiniwa wanasikiliza sehemu ya Kiingereza.

Mchumi Gary Becker alieleza tangu mwaka 1960 kwamba wazazi hupima idadi ya watoto dhidi ya kile wanachowekeza kwa kila mmoja, na kwamba kipato kikipanda wengi huongeza uwekezaji kuliko idadi. Kwa Korea ningeongeza kwamba uwekezaji huo ni mashindano. Nikimpeleka wangu twisheni, wa kwako anabaki nyuma, nawe utampeleka. Sote tumelipa, na nafasi za vyuo vikubwa vya Seoul ni zilezile. Ndiyo maana kupanda kwa mishahara hakumpi mzazi nafuu. Ukiwa na watoto wawili katika mashindano hayo umegawa silaha yako, na mzazi mwenye mtoto mmoja ataimwaga yote kwa huyo mmoja.

Kuna upande mwingine wa hesabu ya Caldwell ambao naona unasahaulika. Wazazi wa Korea waliosomesha watoto katika miaka ya 1970 na 1980 walidhani mali wanayoitoa ingewarudia, kama ilivyokuwa kwa babu zao. Kwa wengi haikurudi. Takriban wazee wanne kati ya kumi nchini humo wanaishi chini ya mstari wa umaskini unaotumiwa na OECD, jumuiya ya nchi ambazo nyingi zimeendelea kiuchumi, kiwango ambacho ni miongoni mwa vya juu kabisa katika kundi hilo, na katika mitaa ya Seoul si ajabu kumwona bibi wa miaka 75 akivuta mkokoteni wa maboksi ya kuuza kwa kilo. Kijana wa miaka 30 anayepita karibu yake akielekea kazini amezoea kuuona mkokoteni huo tangu utotoni. Siwezi kupima ni kiasi gani cha 0.72 kinatokana na hilo, lakini nikimsikia mtu akimwita kijana huyo mbinafsi, humkumbuka bibi yule.

Tuje kwenye ndoa, kwa maana bila ndoa Korea haieleweki. Ufaransa zaidi ya nusu ya watoto huzaliwa na wazazi wasiofunga ndoa, na hakuna anayegeuka kuwatazama. Korea Kusini mwaka 2023 watoto wa namna hiyo hawakufika watano katika kila mia. Kwa hiyo ndoa zikipungua, watoto hupungua papo hapo, nazo zimepungua kweli: kutoka karibu 435,000 mwaka 1996 hadi chini ya 194,000 mwaka 2023. Bwana harusi wa mara ya kwanza ana wastani wa miaka 34 na bibi harusi miaka 31 na nusu. Mila inatarajia upande wa mwanamume ulete nyumba, na nyumba huko si jambo la kodi ya miezi sita kwa mkupuo kama Dar es Salaam. Katika mtindo wao wa kupanga uitwao jeonse, mpangaji humkabidhi mwenye nyumba amana ambayo mara nyingi huzidi nusu ya thamani ya nyumba yenyewe, na hurudishiwa mkataba ukiisha. Kijana asiye na wazazi wa kumpa fedha hizo, au benki ya kumkopesha, hana pa kumpeleka mke.

Kwa upande wa mwanamke mambo yamebadilika nje ya nyumba na kugoma kubadilika ndani yake. Wasichana wa Korea sasa wanaingia chuo kikuu kwa uwiano mkubwa kuliko wavulana. Hata hivyo mshahara wa kati wa mwanamke uko chini ya ule wa mwanamume kwa asilimia 30 hivi, pengo ambalo hakuna nchi ya OECD inayolizidi, na sehemu kubwa ya pengo hilo hutokea pale anapoacha kazi kwa sababu ya mtoto na kurudi baadaye katika nafasi ya chini. Utafiti wa takwimu za taifa wa mwaka 2019 juu ya matumizi ya muda ulionyesha kwamba katika nyumba ambamo wote wawili wameajiriwa, mke hutumia dakika 187 kwa siku kwa kazi za nyumbani na malezi, na mume dakika 54. Bibi yake alifanya kazi hizo zote pia, lakini bibi hakuwa na mshahara wa kupoteza, wala hakuwa na hiari ya kutoolewa. Mwanamke wa leo anavyo vyote viwili.

Hadi hapa ningeweza kukuambia kwamba dawa ni kumpunguzia mwanamke mzigo, na miaka kumi na tano iliyopita ningelisema hivyo kwa uhakika, kwa kuwa nchi za kaskazini mwa Ulaya zilizokuwa na chekechea za bei nafuu na akina baba wanaochukua likizo zilikuwa pia na watoto wengi kuliko Italia au Japani. Kisha ikaja Finland. Mwaka 2010 ilikuwa na 1.87, mwaka 2023 ilikuwa na 1.26, na hakuna kitu cha maana ilichokuwa imewapunguzia wazazi. Wataalamu walipochambua, waliona kwamba kilichoshuka zaidi ni kuzaliwa kwa mtoto wa kwanza: walioanza familia waliendelea karibu kama zamani, ila walioanza walikuwa wachache. Vijana wanachelewa kupata mwenza, uhusiano unavunjika kabla ya mtoto, na orodha ya mambo yanayopaswa kuwa tayari kwanza, yaani shahada, kazi ya kudumu, nyumba na utulivu wa moyo, imerefuka hata pale ambapo serikali inagharimia mengi. Ukiilinganisha na Korea utaona mlango ni uleule, tofauti ni urefu wa kizingiti.

Serikali zimejaribu. Korea imetumia zaidi ya won trilioni 280 kwa sera za kuhimiza uzazi tangu mwaka 2006, na kiwango kikawa kinapanda na kushuka hadi mwaka 2015, kisha kikashuka kila mwaka hadi 2023. Romania ilijaribu nguvu: mwaka 1966 mtawala wake, Nicolae Ceaușescu, alipiga marufuku utoaji mimba, kiwango kikaruka kutoka 1.9 hadi 3.7 mwaka uliofuata, halafu kikaanza kuporomoka tena watu walipopata njia za kificho, na wanawake maelfu wakafa kwa kutoa mimba mafichoni. Kwa kazi unayoifanya, sina haja ya kukueleza vifo hivyo vilivyokuwa.

Umeuliza kama sisi tutafika huko. Kushuka kumekwisha kuanza, na wewe umo ndani yake. Utafiti wa afya ya uzazi wa mwaka 2004-05 ulikuta Tanzania watoto 112 kati ya kila 1,000 wakifa kabla ya kutimiza miaka mitano. Ule wa mwaka 2022 ulikuta 43. Uzazi hufuata vifo kwa kuchelewa, kwa sababu mama huhitaji miaka ya kuona kwamba watoto wanapona kweli kabla ya kuacha kuzaa wa akiba. Kiwango chetu cha uzazi katika utafiti ule wa kwanza kilikuwa 5.7, katika ule wa mwaka 2022 kilikuwa 4.8, na mijini tayari 3.6. Kenya, iliyokuwa na takriban 8 mwishoni mwa miaka ya 1970, ilifika 3.4 mwaka 2022, huku Nairobi ikiwa na 2.5 na kaunti ya Mandera, kaskazini-mashariki, 7.7, tofauti kubwa ndani ya mipaka ya nchi moja. Kutoka 5 hadi 2 ni safari ambayo karibu kila nchi iliyopunguza vifo vya watoto na kusomesha wasichana imeipita, nami sioni kwa nini sisi tuwe tofauti. Kutoka 2 hadi 0.7 ni jambo jingine, lina sababu za Korea yenyewe, ingawa nikiona mabasi ya shule za kulipia yakizoa watoto wa miaka minne saa kumi na moja alfajiri pale Dar es Salaam, sithubutu kusema halituhusu.

Mwaka 2024 kiwango cha Korea kilipanda kidogo hadi 0.75, na magazeti yao yakafurahi. Sehemu ya kupanda huko ni harusi zilizoahirishwa wakati wa Uviko-19, na sehemu ni kwamba waliozaliwa kati ya mwaka 1991 na 1995, walipokuwa wakizaliwa watoto 700,000 hivi kwa mwaka, wamefika umri wa kuoa na kuolewa. Nyuma yao foleni ni fupi. Kati ya watoto 230,000 waliozaliwa mwaka 2023, wasichana ni kama 112,000. Wasichana hao wakizaa kwa kiwango cha 0.72, watoto wao wote kwa pamoja watakuwa 81,000 hivi, katika nchi ambayo mwaka 1970 ilipata watoto milioni moja.